Waumini wa Mpaka Januari

Treni ilimshusha Bi. Enid Ogden pale Pellingham Ijumaa jioni, pamoja na kundi la watu waliovaa makoti mazuri na sura za waliotoka mazishini. Hao ndio wenyeji. Asubuhi huchukuliwa London kabla ya jua, jioni hurudishwa wakiwa wamepauka, na katikati ya hapo mji hubaki na mbwa, mafundi wa mabomba na vikongwe. Bi. Enid aliwatazama wakipanda ngazi za kituo bila mmoja kumsemesha mwenziwe. Ilionekana wazi wamesafiri pamoja miaka, maana kila mmoja alijua asimame wapi ili mlango umfungukie yeye. Kwao Rochdale, kaskazini, aliwaza, hata mtu mliyenuniana mwaka mzima utamwambia baridi imezidi leo.

Hata hivyo moyo wake ulikuwa mweupe. Adrian, mwanawe wa pekee, alikuwa amempigia simu kumwambia kwamba Jumapili hiyo atasoma somo kanisani, na angependa Mama awepo. Bi. Enid alipoisikia habari hiyo ilibidi avute kiti akae. Adrian aliacha kanisa tangu ndevu hazijamwota. Siku ya kumzika baba yake, marehemu Wilf, alisimama kaburini simu ikimtetemeka mfukoni, na alipodhani hakuna anayemwona akaichungulia. Tangu siku ile mama yake hakulala usiku hata mmoja bila kupiga magoti kando ya kitanda kilichobaki na mto mmoja, na ombi lake halikubadilika: Mungu amrudishe Adrian kanisani. Sasa amekuja kuona kwa macho yake kama ameitikiwa. Hilo tu ndilo lililomtoa kwao. Mji wenyewe asingeupandia hata baiskeli.

Maana ni mji gani huo? Nyumba za mbao nyeusi na chokaa nyeupe, zimeegemeana kama walevi watatu wanaorudishana nyumbani. Kwao nyumba ikiinama hivyo, baraza la mji huja na tingatinga. Pellingham huja na kibao cha shaba. Nje ya hoteli kuna kibao kinachosema mfalme fulani alilala humo usiku mmoja: mtu kalala, kaamka, kaenda zake, na mji mzima unakula kwa usingizi wake mpaka leo. Uwanjani wameuhifadhi mkatale waliokuwa wakiwafungia wezi wa kuku, wameupaka mafuta unang'aa, na watoto huingizwa miguu humo wapigwe picha. Soko la nafaka la zamani linauza mishumaa yenye harufu ya mtini.

Adrian alimpokea kwa kumkumbatia kwa mkono mmoja, mwingine umeshika simu. Alikuwa na alama nyekundu kwenye paji la uso. Akaeleza kwamba ni boriti ya jikoni, kila mtu humu mjini anayo alama hiyo, nyumba zilijengwa na watu wafupi. Alisema kwa fahari. Bi. Enid akaitazama ile alama, akajiuliza ni mtu wa akili gani anayenunua nyumba ya kumpiga kichwani kila siku kisha akaisifu, lakini akanyamaza. Hakuja kugombana na boriti.

Imogen, mke wa Adrian, alikuwa mlangoni. Alimwita mkwewe "Enid," kavukavu, kama anamwita muuza maziwa, na hivyo ndivyo alivyomwita tangu siku ya kwanza. Akaipokea keki ya tangawizi aliyoletewa, akasema Enid asingejisumbua, akaiweka juu ya jokofu. Tabitha hali sukari siku za kazi, na Ijumaa ilihesabiwa kuwa siku ya kazi. Tabitha mwenyewe, mjukuu, bado hajatimiza miaka mitano, aliitazama keki ikipaa huko juu kama mtu anayeaga meli.

Mezani Bi. Enid alifumba macho kushukuru kwa chakula. Alipofumbua, Imogen alikuwa anatafuna. Adrian akakohoa, akasema ndiyo, ndiyo, Mama, tuombee. Bi. Enid akaona, na akajikataza kuona. Mtoto anayeanza kutembea huanguka, alijiambia, na mwanangu ndiyo kwanza anaanza. Alitafuta Biblia kwenye rafu akakuta vitabu vya mapishi ya watu wa Mashariki ya Kati. Akajiambia labda iko chumbani.

Kisha akauliza lile lililokuwa linamkereketa siku zote, kwa sauti ya chini ili lisionekane ugomvi: je, huyu mtoto naye, maadamu mmerudi kanisani, atabatizwa lini? Miaka yote walikuwa wakimjibu kwamba Tabitha atachagua mwenyewe akikua. Na huko Rochdale, kwenye sanduku, ndani ya karatasi laini, gauni la ubatizo lililoshonwa na bibi yake Bi. Enid lilikuwa linangoja. Adrian alibatizwa nalo. Kila mwaka Bi. Enid hulitoa, hulipunga upepo, hulirudisha.

Imogen alisimama akakusanya sahani ambazo hazijaisha chakula. Alisema wataongea. Adrian alikuwa anatazama uma wake.

*

Jumamosi walimpeleka sokoni. Bi. Enid amezaliwa na kukulia sokoni, mama yake aliuza vitambaa, na hakuona soko pale. Aliona watu wamepanga foleni ndefu, kimya, wananunua mikate iliyoungua wakiipokea kama Komunyo. Hakuna aliyepandisha sauti, hakuna aliyelalamikia bei, hakuna muuzaji aliyemwita mtu mpenzi. Mbwa walikuwa wamevaa makoti na wanajuana kwa majina, ila wenye mbwa walijuana kwa mbwa zao tu: huyu ni baba yake Biscuit, yule ni mama yake Otto. Adrian alimsalimia mtu mmoja kwa furaha nyingi, na walipopita akakiri hamjui jina, ingawa wanaishi mlango kwa mlango tangu wahamie.

Mchana walikuja wageni kula, Rupert na mkewe Saskia, wenye mtoto wa rika la Tabitha. Rupert alikuwa mtu mkubwa mwenye mashavu ya waridi na sauti ya kuamrishia farasi. Watoto wakapelekwa chumba cha pili, divai ikamiminwa, na Bi. Enid akapewa kiti kizuri karibu na jiko na kusahauliwa, kama wanavyosahauliwa wajane mahali pengi. Hakuchukia. Aliyesahauliwa husikia vizuri.

Rupert alikuwa analalamika kwamba kesho ni Jumapili tena.

"Nimebakiza Jumapili chache tu za kifungo," alisema. "Ikishapita Januari, mimi na Mungu kila mtu na njia yake."

"Hata hicho kifungo hukitumikii," mkewe akamwambia. "Mahubiri yakianza tu unakoroma."

"Nalala kwa heshima, mke wangu. Nainamisha kichwa."

Wakacheka wote wanne, Adrian naye kati yao. Wakaanza kuwasema jirani waliohamia nyumba ya mlango wa kijani, walioanza kujitokeza kanisani Septemba hii, eti wanadhani Bi. Daphne Prewett ni mjinga. Bi. Daphne ndiye mzee wa kanisa. Husimama mlangoni na kapu la vitabu vya nyimbo, haandiki jina la mtu, hana haja. Macho yake ni kama ya kuku, yanamwona kila anayeingia na kila anayechelewa, na mchungaji humwuliza. Saskia alisema wale wa mlango wa kijani walikuja baada ya mahubiri, wakataka wahesabiwe Jumapili nzima. Hata ulaghai una adabu zake.

"Anayetuharibia kazi ni huyu bwana," Rupert akasema, akimwelekezea Adrian glasi. "Sisi tunakaa tu, tunasimama, tunakaa. Yeye kajitwika somo. Kesho kutwa utamkuta kwenye kwaya amevaa joho. Na sasa kaleta na mama mzazi, muumini halisi, kutoka kaskazini, kama—"

Saskia alimpiga teke chini ya meza, kila mtu akalisikia.

"Kifungo cha nini, mwanangu?" Bi. Enid akamwuliza Rupert. Aliuliza kwa upole, kama anauliza njia.

Wakatazamana. Mtu wa Pellingham akibanwa hawezi kunyamaza, na hawezi kusema kweli vilevile. Anachoweza ni kutania, na ndani ya utani kweli huteleza ikatoka. Rupert akaeleza huku anajichekesha. Nyuma ya makaburi kuna shule ya kanisa. Ndiyo shule nzuri, bila malipo, na ndiyo iliyowaleta wote kwenye mji huu. Nafasi ni chache, na kwanza hupewa watoto wa nyumba zinazosali. Mchungaji ndiye anayethibitisha ni nyumba zipi. Maombi ya nafasi hufungwa Januari. Basi watu husali mpaka Januari.

"Na Februari?" akauliza Bi. Enid.

"Februari," Rupert alisema, "tunalala."

Bi. Enid akaitikia kwa kichwa, akashukuru kwa maelezo. Akauliza kama kuna anayetaka kipande cha keki, maana Jumamosi si siku ya kazi. Walikula wote, wakaisifu mno.

*

Wageni walipoondoka Adrian aliosha vyombo, mama yake akafuta. Walifanya hivyo tangu akiwa mtoto anayesimama juu ya kigoda, na siku zote ndipo walipoongea. 

Adrian ndiye aliyeanza. Alisema Mama asimchukulie hivyo. Kila mtu hapa anafanya. Mchungaji mwenyewe anajua.

"Na Mungu?"

"Mungu hapangi nafasi za shule, Mama."

Akaongea sasa haraka haraka, kama anauza kitu. Mwaka huu waombaji wamezidi. Mchungaji Rosalind ameanza kuwachuja. Anakaa na kila familia baada ya ibada, kwenye kahawa, anawauliza maisha yao ya imani. Zamu yao ni kesho. Na yeye, Adrian, si mzuri kwa maneno hayo, wala Imogen. Lakini Mama ni mzuri. Mama akisema neno moja tu, mchungaji ataona.

Hapo Bi. Enid akaelewa kwa nini simu ililia Rochdale. Hakuitwa kumsikiliza mwanawe akisoma. Aliitwa aonekane, kama kile kibao cha shaba nje ya hoteli.

"Sikuombi useme uongo," Adrian akasema. "Sema nilivyolelewa tu. Niliimba kwaya. Si kweli?"

"Ni kweli."

"Basi."

Bi. Enid akamwuliza kuna nini kwenye ile shule nyingine waliyoipita wakienda sokoni, ng'ambo ya barabara kuu. Adrian akasema hakuna kitu, ni shule tu. Wanasoma watoto wa wale wanaokuja kufanya usafi kwenye nyumba hizi, na wa madereva wa magari ya vifurushi. Bi. Enid akamkumbusha kwamba yeye mwenyewe alisoma shule ya namna hiyo, na baba yake alitengeneza mabasi.

"Ndiyo maana, Mama," Adrian akasema.

Alilisema bila ubaya, macho yake yakiwa ndani ya povu. Bi. Enid aliendelea kuifuta ile sahani mpaka ikaanza kulia chini ya kitambaa. Alikuwa anapiga hesabu nyingine moyoni. Akikataa, au akisema kweli, mtoto anaweza kuikosa nafasi, na Imogen si mtu wa kusahau. Bi. Enid humwona Tabitha mara chache kwa mwaka, kwa hisani yao. Hisani ikifungwa, na mjukuu amempotea. Akikubali, atakuwa amesimama ndani ya nyumba ya Mungu akamshuhudia mtu asiyeamini, tena mwanawe, tena kwa ajili ya kiti darasani. Alimwambia Adrian kwamba atakuja kanisani, na kwamba akiulizwa atajibu. Adrian akambusu shavuni kwa furaha. Hakusikia alichoambiwa, alisikia alichokitaka.

*

Kanisa lilijaa. Mtu asiyejua angelia kwa furaha. Baba wa watu, wazima, wamekaa na watoto magotini Jumapili asubuhi, vitabu vya nyimbo mikononi, kama kwamba uamsho umeteremka juu ya Uingereza. Bi. Enid, ambaye kwao husali na watu wanaotosha kwenye gari mbili, aliwatazama mmoja mmoja. Ulipofika wakati wa kupiga magoti waliegemeza viwiko kwenye benchi la mbele na kuinamisha vichwa, na mapaja yakabaki kwenye viti. Wanasali nusu-mlingoti. Rupert alikuwa mbele yake, na kweli alilala kwa heshima. Kila mtu aliyeingia alihakikisha amemtakia Bi. Daphne asubuhi njema kwa sauti, na jina lake juu, ili isije ikasahaulika. Mji ambao haujui jirani yake anaitwaje ulimjua Bi. Daphne vizuri kabisa.

Adrian alipanda kusoma. Lilikuwa somo la manabii, lenye majina ya kuvunja ulimi, na hakukwama hata kwenye moja. Sauti ilikuwa ya Wilf. Mtu amejiandaa, amejifungia chumbani akarudiarudia, kama alivyokuwa akifanya kabla ya mtihani. Bi. Enid alisikiliza, na baridi ikamwingia, si ya mawe ya kanisa. Miaka yote aliomba nini? Aliomba mwanawe arudi kanisani. Tazama, amerudi kanisani. Yuko pale mbele, chini ya msalaba, anasoma kitabu cha Mungu kwa sauti safi. Hakuna neno la ombi lake ambalo halikutimizwa. Alishuka magotini, hasa, kwenye jiwe, ilhali wengine wamekaa, na hakupata la kusema huko chini. Imogen akamgusa bega, akanong'ona kwamba si lazima.

Baada ya ibada kahawa iligawiwa nyuma ya kanisa, karibu na birika la ubatizo, na sahani za biskuti. Mchungaji Rosalind alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye nywele fupi za mvi na macho yaliyochoka ya mtu anayeamka mapema kuliko kundi lake. Alimshika Bi. Enid mikono yote miwili.

"Nimefurahi sana kukuona umepona," alisema. "Tulisikitika kwamba uliugua. Bibi kukosa ubatizo wa mjukuu wake wa kwanza, si jambo dogo."

Bi. Enid hakuondoa mikono yake. Alimtazama Adrian. Adrian alikuwa ametazama birika. Imogen alianza kusema jambo kuhusu biskuti, akaliacha njiani.

"Ubatizo ulikuwa lini?" Bi. Enid akauliza.

Mchungaji akasema kabla ya Pasaka, Alhamisi moja asubuhi, ibada ndogo tu. Adrian alieleza kwamba mama yake amelazwa na haifai kungoja. Sauti ya mchungaji ilikuwa inapungua kadiri anavyosema, maana hakuwa mjinga. Bi. Enid aliona Alhamisi ile kana kwamba alikuwapo: mtoto mkubwa amesimama kwa miguu yake mwenyewe, amevaa sweta, anamwagiwa maji kati ya kifungua kinywa na treni ya London, ili pawe na alama moja zaidi kwenye maombi ya shule. Na yeye Alhamisi hiyo labda alikuwa anafua mapazia. Hakuwa na hata mafua.

"Sikuwa mgonjwa," alisema. "Sikuambiwa."

Watu wa karibu walihamishia vikombe vyao mbali kidogo, kwa adabu, masikio yakabaki. Tabitha alikuwa sakafuni anazipanga biskuti mstari mmoja. Mchungaji Rosalind akawatazama wale wawili, akamrudia mama, na swali alilokuwa amekusudia kuuliza akaliuliza hivyohivyo, taratibu. Je, nyumbani kwao wanasali?

Adrian alimtazama mama yake. Yalikuwa macho yaleyale ya juu ya kigoda.

"Alilelewa kanisani," Bi. Enid akasema. "Aliimba kwaya. Leo amesoma vizuri, nimeisikia sauti ya baba yake. Hayo yote ni kweli. Lakini haamini, mchungaji. Wala mkewe. Wamekuja kwa ajili ya shule, na mimi nimeletwa kwa ajili ya shule. Mtoto hana kosa."

Amekwisha kusema. Alijiona amemfungia mjukuu wake lango kwa mkono wake mwenyewe, akashika ukingo wa birika. Akangoja hukumu.

Mchungaji Rosalind alikunywa kahawa yake kidogo. Alisema anajua. Alisema anajua kwa jinsi wanavyoegesha magari: anayekuja kwa Mungu huegesha ovyo, anayekuja kwa shule huegesha anapoonekana.

"Nikiwafukuza wote walio hivyo, Bi. Ogden, nitabaki na Daphne na nguzo," alisema. "Wanakuja, wanakaa, neno linawapitia juu. Tunapanda mbegu. Nitawathibitishia. Jumapili wamehudhuria, na kuhudhuria ndiko ninakoulizwa."

"Umewahi kuvuna mmoja?" Bi. Enid akauliza. "Februari?"

Mchungaji aliweka kikombe mezani. Kisha akaitwa na familia nyingine iliyokuwa inangoja zamu, ile ya mlango wa kijani, wamevaa vizuri, mama yao ameshika Biblia mpya kabisa. Akamwomba Bi. Enid radhi, akaenda.

Imogen akashusha pumzi. Akampangusa mtoto makombo, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba basi, limekwisha vizuri, na ana nyama kwenye oveni. Na hilo ndilo lililomchoma Bi. Enid kuliko uongo wa ugonjwa. Aliutoa ukweli kwa kujikata nyama, akidhani una uzito wa kuvunja kitu, na mji huu uliupokea kama kijiti cha biskuti, ukauchovya kwenye kahawa, ukaula.

Hakukaa kula nyama. Alisema atapanda treni ya mchana.

*

Treni hazikuwapo. Jumapili hiyo walikuwa wanatengeneza reli, kama wafanyavyo Jumapili nyingi, na mji unaoishi kwa treni ulikuwa umekatika mkia. Kulikuwa na basi la kubeba abiria mpaka kituo cha mbele. Lilisimama nje ya mji, kwa sababu lango la kale la Pellingham, ambalo limekatazwa kuguswa, ni dogo kwa basi. Adrian alimpeleka kwa gari. 

Walipofika basi lilikuwa halijaja. Bi. Enid alimwambia arudi, nyama itapoa. Adrian alizima gari akatoka, akasimama naye kwenye upepo, bila koti. Simu yake ililia. Alimwambia Imogen bado yuko na Mama, akaifunga.

"Umeniaibisha," akasema baadaye.

"Mbele ya nani? Kuna aliyeshtuka pale?"

Alifikiri. Akakubali kwamba hapana. Aliikuna ile alama ya boriti kwenye paji lake, akatazama barabara upande ambao basi halikutokea.

"Kuhusu Alhamisi ile," alisema. "Nilitaka kukuambia, Mama. Kila nikishika simu. Ungeleta gauni, ungelia, ungefurahi kweli, na mimi ningesimama pale nikijua ninachofanya. Nisingeweza. Niliona aibu."

Basi lilikuwa linakuja, tupu, taa zimewashwa mchana. Bi. Enid alinyanyua begi lake kabla Adrian hajaliwahi.

"Itunze hiyo aibu," alimwambia. "Tangu Ijumaa namtafuta Mungu kwako, na ndiyo kitu pekee chake nilichokiona."

Akapanda, akakaa upande wa pili, asikomwona. Dereva alimwuliza kama yuko peke yake, akasema ndiyo. Basi likageuka kwa taabu kwenye uwanja wa magari, likashika barabara ya nje na kuuzunguka mji wote kwa mbali, maana hapakuwa na njia ya kupita katikati yake.